Mgunga Si Mkunde? Tatizo la Kuzitaja Familia za Mimea kwa Kiswahili

Katika makala haya tunakusudia kulijadili tatizo moja la istilahi ambalo kwa mtazamo wa juujuu laweza kuonekana dogo, lakini ambalo limekwisha kuleta hasara isiyokuwa ya lazima. Tatizo lenyewe ni hili: mimea ya porini itajweje kwa Kiswahili pale inapokusanywa katika makundi ya kitaalamu, yaani katika familia zake? Mfano wetu mkuu tutauchukua Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga.

Jina la Mwadui hujulikana kwa almasi, tangu mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipoligundua bomba la mwamba wenye vito hivyo mwaka 1940. Sisi hatukusudii kuzungumzia kilichomo chini ya ardhi ile, bali kinachoota juu yake. Pande zile zina mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Katika mbuga hizo huota migunga ya namna namna, ukiwemo ule mfupi wenye miiba mirefu na vinundu vyeusi ambamo sisimizi hufanya makazi. Pembezoni mwa mashamba huonekana minyaa iliyopandwa kuwa ua wa miji na mazizi, na hapa na pale husimama mbuyu, ambao Wasukuma huuita ng'wandu.

Msomaji atakumbuka pia kwamba Shinyanga ina desturi ya ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ipumue, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Desturi hiyo ilififia baada ya miti mingi kufyekwa, kwanza kwa ajili ya kupambana na mbung'o, na baadaye kwa ajili ya mashamba ya pamba, kuni na makazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao uliendelea hadi mwaka 2004. Mradi huo haukuleta desturi ngeni, bali uliifufua ile ya wenyeji. Ngitili zilizokuwa zimebaki yapata hekta 600 mwanzoni mwa mradi ziliongezeka hata zikapita hekta 300,000.

Rasimu ya kijiji kimoja

Mwalimu mmoja wa pande hizo alituletea nakala ya sheria ndogo ya kijiji kimoja chenye ngitili, akatuomba tumsaidie kuieleza lugha yake. Sheria hiyo ilikuwa imetafsiriwa kutoka lugha ya kigeni katika ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Kifungu kimoja kilisema hivi: "Ni marufuku kukata au kung'oa mimea yoyote jamii ya mikunde ndani ya ngitili."

Kifungu hicho kiliposomwa katika mkutano wa kijiji, wazee walicheka. Hapana aliyewahi kupanda kunde ndani ya ngitili. Kwa kuwa kilionekana hakina madhara kwa mtu, kilipita bila mjadala. Miezi michache baadaye mchoma mkaa mmoja alishtakiwa mbele ya baraza kwa kukata migunga. Alijitetea kwa maneno machache tu: mgunga si mkunde. Baraza lilimwachilia, na wengine walipoona hivyo wakachukua mashoka yao.

Je, nani alikosea? Kwa elimu ya mimea, aliyeiandika sheria ya awali alikuwa na haki kamili, kwani mgunga na mkunde ni wa familia moja. Kwa lugha, mchoma mkaa naye alikuwa na haki, kwani katika Kiswahili cha mkulima na cha bwana shamba, "jamii ya mikunde" ni kunde, maharage, choroko, dengu, karanga na njugu mawe. Ni mazao, si miti. Mfasiri alichukua istilahi iliyozoeleka katika kilimo akaipeleka porini bila kumwarifu msomaji kwamba maana yake huko ni pana zaidi. Neno lilikuwa sahihi, lakini halikufika.

Familia ni nini?

Kabla ya kutoa mapendekezo, yafaa tuieleze dhana yenyewe. Wataalamu wa mimea huipanga mimea kwa ngazi. Mimea inayozaana yenyewe kwa yenyewe na kufanana kwa karibu huitwa spishi. Spishi zenye udugu wa karibu hukusanywa katika jenasi. Nazo jenasi zenye asili moja hukusanywa katika familia. Jina la familia kwa Kilatini huwa na kiishio kimoja, nalo kwa kawaida hutokana na jenasi moja iliyochaguliwa kuwakilisha nyingine. Hivyo Euphorbiaceae hutokana na Euphorbia, Solanaceae hutokana na Solanum, na Malvaceae hutokana na Malva.

Miongoni mwa waliotangulia kuipanga mimea kwa familia ni Mfaransa Michel Adanson, aliyeishi Senegal kwa miaka kadhaa kuanzia 1749, na aliyetoa kitabu chake juu ya familia za mimea mwaka 1763. Adanson alishikilia kwamba haifai kuipanga mimea kwa dalili moja tu, kama vile idadi ya sehemu za ua, bali dalili nyingi zitazamwe kwa pamoja. Kwa heshima yake mbuyu ulipewa jina la Adansonia. Kwa hiyo kila ng'wandu wa Usukuma unalo jina la mtu aliyetufundisha kwamba udugu wa mimea hautambuliwi kwa alama moja.

Fundisho hilo ndilo msingi wa hoja yetu. Familia ni nasaba. Si matumizi, si sura, wala si mahali mmea unapoota. Lakini majina ya kawaida ya Kiswahili, kama yalivyo majina ya lugha nyingi duniani, aghalabu yalizaliwa katika matumizi.

Majina ya matumizi na majina ya nasaba

Tuchukue mlenda. Mpishi wa Shinyanga huita mlenda mboga yoyote ya majani inayoteleza. Kati ya mimea ichumwayo kwa mboga hiyo, mmoja ni wa jenasi ya Corchorus, ambao ni ndugu wa bamia na pamba. Mwingine ni ndugu wa ufuta, wa familia ya Pedaliaceae. Katika chungu ni kitu kimoja. Katika nasaba ni watu wa koo mbili. Anayeandika "mlenda ni wa familia fulani" bila kusema ni mlenda gani anawapotosha wasomaji wake.

Mfano wa pili ni neno "mwitu". Mtupa ni kichaka cha jamii ya mikunde ambacho majani yake hupondwa ili kulewesha samaki. Katika baadhi ya sehemu mnyaa nao huitwa mtupa mwitu, kwa kuwa utomvu wake hufanya kazi ile ile. Mfasiri asiyejua jambo hili atadhani kwamba mtupa mwitu ni mtupa unaoota porini wenyewe, kama vile paka mwitu anavyodhaniwa kuwa ndugu wa paka. La hasha. Mtupa ni ndugu wa kunde, na mnyaa ni ndugu wa muhogo. Hapa "mwitu" limeunganisha kazi, halikuunganisha damu.

Mfano wa tatu una uzito zaidi. Mnavu huliwa majani yake katika nchi yetu nzima. Mnanaha, ambao jenasi yake ni Datura, una sumu kali inayoweza kumpotosha mtu akili na hata kumuua. Yote miwili ni ya familia ya Solanaceae, pamoja na nyanya, pilipili, tumbaku, viazi mviringo na mtunguja wa kando ya njia. Mwezi Machi 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu kadhaa walifariki na mamia wakaugua baada ya kula unga wa lishe uliokuwa umechanganyika na sumu ya mimea ya namna ya mnanaha. Mwalimu akisema darasani kwamba mnanaha ni "jamii ya mnavu", amesema kweli ya kitaalamu. Lakini mtoto atakayeelewa kuwa ni "namna ya mnavu" aweza kuupeleka jikoni. Katika Kiswahili cha kila siku "jamii ya" humaanisha pia "mfano wa" au "aina ya", na hapo ndipo hatari ilipo.

Dalili za kutambulisha

Mfasiri hahitaji kuwa mtaalamu wa mimea, lakini hapana budi azijue dalili chache ili aweze kuhakiki anachokiandika. Tutazitaja familia nne zinazoonekana kwa urahisi katika pande za Mwadui na jirani zake.

(a) *Fabaceae, jamii ya mikunde.* Tunda lake kwa kawaida ni ganda lenye chumba kimoja, na mbegu zimepangwa kwa safu kwenye ukingo mmoja. Jani aghalabu limegawanyika kuwa vijani: kunde ina vijani vitatu, mkwaju una vijani vilivyopangwa kwa jozi, na mgunga una vijani vidogo sana vilivyogawanyika mara mbili. Maua ndiyo yanayowachanganya wengi. Ua la kunde lina umbo la kipepeo. La mkwaju limefunguka na petali zake hazilingani. Maua ya mgunga ni madogo mno, yamekusanyika kuwa kitufe au mkia wa nyuzi laini. Wala ganda si lazima lipasuke: la mkwaju halipasuki, na la mninga wa misitu ya Kahama na Geita ni duara bapa lenye bawa pande zote. Aliyeshika dalili moja tu, yaani ua la kipepeo, ataitoa migunga yote nje ya familia yake, kama lilivyofanya lile baraza.

(b) *Euphorbiaceae, jamii ya minyaa.* Mingi hutoa utomvu mweupe ikikatwa, na tunda lake aghalabu lina vyumba vitatu. Humo wamo mnyaa, muhogo, mbarika na mbono kaburi. Hata hivyo, utomvu mweupe peke yake si ushahidi, kwa kuwa mikuyu nayo hutoa utomvu, na mikuyu ni ya familia nyingine.

(c) *Malvaceae, jamii ya mipamba.* Gome lake lina nyuzi imara zifaazo kwa kamba, na sehemu zake nyingi huteleza zikipondwa. Humo wamo mpamba, bamia, mkole, mlenda wa Corchorus na mbuyu.

(d) *Combretaceae, jamii ya milama.* Matunda ya milama ni makavu yenye mabawa, mara nyingi manne, ambayo hupeperushwa na upepo. Mkusanyaji akiyaokota chini ya mti wakati wa kiangazi, hata majani yakiwa yamepukutika, ataitambua familia.

Vitabu vya zamani na vipya

Kuna jambo jingine ambalo mfasiri hana budi kulikumbuka: wataalamu nao hubadili mipango yao wanapopata ushahidi mpya. Katika vitabu vya zamani mbuyu umewekwa katika familia ya Bombacaceae, na mkole katika Tiliaceae. Siku hizi familia hizo zimeunganishwa na Malvaceae. Mgagani uliokuwa Capparaceae sasa huwekwa katika Cleomaceae. Migunga iliwahi kuhesabiwa na baadhi ya waandishi kuwa familia ya peke yake, Mimosaceae. Zaidi ya hayo, jina la jenasi la Acacia, ambalo migunga yetu ilikuwa nalo kwa miaka mingi, lilibakizwa kwa miti ya Australia kwa uamuzi wa mkutano wa Vienna wa mwaka 2005, nao ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika imegawanywa sasa kati ya Vachellia na Senegalia.

Katika misukosuko yote hiyo, neno "mgunga" halikutikisika. Mchungaji wa Kishapu hakuarifiwa juu ya mkutano wa Vienna, wala hakupungukiwa na kitu. Hapa tunaona fadhila za majina ya wenyeji: yanadumu. Lakini tunaona pia mpaka wake: jina linalodumu kwa sababu halifungamani na nasaba haliwezi peke yake kubeba mzigo wa nasaba. Kila jina lina kazi yake, na mfasiri mwema huyafunga yote mawili pamoja.

Mapendekezo

Baada ya maelezo hayo, tunapenda kuyatoa mapendekezo yafuatayo ili wasomaji wayatafakari.

1. Neno *familia* litumike kuitaja ngazi yenyewe ya kitaalamu, sambamba na *jenasi* na *spishi*. Kwa hiyo tuseme "mgunga ni wa familia ya Fabaceae". Neno hilo limekwisha kuzoeleka, na halina ule utata wa "aina ya".

2. Pale ambapo maandishi yanakusudiwa kwa umma, *jamii ya* pamoja na wingi wa mmea mmoja unaojulikana iendelee kutumika: jamii ya mikunde, jamii ya minyaa, jamii ya mipamba, jamii ya minavu, jamii ya milama. Utaratibu huu si mgeni kwa elimu ya mimea. Kama tulivyoona, hata Kilatini huichagua jenasi moja iziwakilishe nyingine. Minyaa, minavu na milama hata inalingana na jenasi zile zile ambazo majina ya Kilatini yametokana nazo.

3. Jamii inapotajwa kwa mara ya kwanza, jina la Kilatini la familia lifuate papo hapo, ili msomaji ajue kwamba neno "jamii" halikutumika kwa maana yake ya kawaida.

4. Maneno kama "mwitu", "pori" na "dume" yasichukuliwe kuwa ushahidi wa nasaba hadi mmea wenyewe utakapohakikiwa.

5. Mmea wenye sumu usielezwe kwa umma kwa kutaja jamii yake tu. Sumu itajwe kwanza, jamii ifuate.

6. Katika sheria, amri na kanuni, jina la jamii lisitumike peke yake kamwe. Mimea inayohusika iorodheshwe kwa majina ambayo watu wa mahali hapo wanayatumia, yakiwemo ya lugha zao za asili, na majina ya Kilatini yawekwe kando.

Tukiyafuata mapendekezo hayo, kifungu cha sheria tulichokitaja kingesomeka hivi: "Ni marufuku kukata au kung'oa ndani ya ngitili migunga ya aina zote, mikwaju, na miti mingine ya jamii ya mikunde (familia ya Fabaceae) iliyoorodheshwa katika jedwali la sheria hii." Kifungu hiki ni kirefu kuliko cha awali. Lakini hapana mzee ambaye angekicheka, wala hapana mchoma mkaa ambaye angepata mwanya wa kupenya.

Huenda baadhi ya wasomaji watasema kwamba orodha za majina ya mahali zitaigawa lugha ya taifa. Sisi hatuoni hivyo. Kiswahili kimepokea "ngitili" kutoka Kisukuma, na leo neno hilo huandikwa katika taarifa za Serikali na vitabu vya hifadhi ya mazingira bila kutafsiriwa. Mimea mingi ya bara haina jina lolote katika Kiswahili cha pwani kwa sababu haioti huko. Kuyakataa majina ya wanaoijua ni kuiacha bila jina, na mmea usio na jina hauwezi kulindwa na sheria wala kufundishwa shuleni.

Yule mwalimu wa Mwadui tulimjibu kwa barua yenye maelezo yaliyo karibu na haya. Naye akatuarifu kwamba ameanza, pamoja na wanafunzi wake, kuikusanya mimea ya ngitili ya kijiji, kuikausha kati ya magazeti, na kuiandikia kila mmoja majina matatu: la Kisukuma, la Kiswahili na la Kilatini. Wazee waliocheka katika mkutano ndio wanaowatajia watoto majina ya kwanza. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali walioko sehemu nyingine wafanye vivyo hivyo katika maeneo yao, na watuletee majina wanayoyapata pamoja na sampuli zilizokaushwa, ili istilahi zitakazosanifishwa ziwe zimekwisha kupita mikononi mwa wanaoijua mimea yenyewe.